Hatua kwa hatua: fomu inayomshika mtu mkono

Mwezi Januari mwaka 2019 bibi mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na mjukuu wake wa miaka minane. Orodha ya watoto watakaopewa sare na madaftari ilikuwa imebandikwa ubaoni tangu asubuhi. Jina la mjukuu wake halikuwemo. Bibi hakufoka. Alisema tu kwamba kijana wetu wa kujitolea alifika nyumbani kwake mwezi Oktoba, akaketi naye chini ya mwembe, akamwuliza maswali mengi na kuyaandika katika simu. Mwishoni kijana alimwambia, "Bibi, tumemaliza. Mtoto ameandikwa."

Na kweli alikuwa ameandikwa. Ilituchukua siku mbili kujua jina lilipotelea wapi. Fomu iliyokuwa katika simu iliuliza maswali moja baada ya jingine, na swali la nne lilidai namba ya cheti cha kuzaliwa. Bila kujaza namba, kitufe cha "Endelea" hakikubali. Mtoto yule hakuwa na cheti. Kijana wetu hakutaka kumwacha, kwa hiyo aliandika 0000 ili skrini imruhusu kusonga mbele. Wenzake katika vijiji vingine walifanya vivyo hivyo. Ofisini, karani wetu alipokuwa akisafisha orodha, kompyuta iliona namba 0000 mara 12 ikadhani ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara 12. Ikabakiza jina moja. Watoto 11 wakaondolewa.

Hakuna aliyekuwa mvivu, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Fomu yetu ilikuwa imepangwa vibaya, na sisi ndio tuliokubali ipangwe hivyo.

Tunaandika makala hii kwa sababu vikundi vya kuweka na kukopa, zahanati, shule na ofisi za miradi zinazidi kuacha madaftari na kutumia fomu za simu na kompyuta. Si lazima uwe mtaalamu wa kompyuta ili usaidie fomu hizo ziwe nzuri. Lakini ni vizuri ujue mambo ya kumwuliza mtaalamu anapokuja kukutengenezea.

FOMU YA HATUA KWA HATUA NI NINI?

Kuna namna mbili kuu za kumwuliza mtu maswali kwa kompyuta au simu. Namna ya kwanza ni kumwekea maswali yote katika ukurasa mmoja, kama fomu ya karatasi. Anayaona yote kwa pamoja na anaweza kuanza popote. Namna ya pili ni kumwuliza swali moja au machache yanayohusiana. Akijibu, anabonyeza "Endelea", na skrini nyingine inakuja na swali linalofuata. Anakwenda hivyo mpaka afike kwenye kitufe cha "Maliza".

Wataalamu huiita namna hii ya pili wizadi. Neno hilo limetoka katika Kiingereza, na maana yake ya asili ni mchawi wa kwenye hadithi, yule anayefanya jambo gumu litokee kwa urahisi. Kwetu mchawi hana sifa njema, na hata huko ng'ambo si wote waliolipenda neno hilo. Kampuni ya Apple, kwa mfano, imetumia neno lenye maana ya msaidizi. Katika makala hii tutasema tu "fomu ya hatua kwa hatua".

Namna hii ilianza kujulikana na watu wengi mwaka 1991, kampuni ya Microsoft ilipotoa programu ya Publisher, ambayo ni ya kupanga kurasa za kuchapisha. Mtu ambaye hakuwahi kupanga kurasa aliulizwa maswali machache, kisha kompyuta ikamwandalia jarida au kalenda, naye akabaki na kazi ya kujaza maneno yake. Mwaka 1995 Windows 95 ilieneza utaratibu huo duniani kote. Aliyetaka kuunganisha printa mpya aliongozwa skrini baada ya skrini mpaka printa ikachapa.

Tazama kazi hizo zinafanana wapi. Kuunganisha printa ni jambo ambalo mtu hulifanya mara chache katika maisha yake. Lina mpangilio wake, na ukiruka hatua moja, kazi yote inaharibika. Tena anayelifanya si fundi. Hapo ndipo fomu ya hatua kwa hatua ilipozaliwa, na mpaka leo hapo ndipo inapofaa zaidi.

MFANO ULIO MFUKONI MWAKO

Huenda unafikiri hujawahi kutumia kitu kama hiki. Lakini kama umewahi kutuma pesa kwa simu, umekitumia. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Simu inakuuliza: unataka kufanya nini? Unachagua kutuma pesa. Kisha inauliza namba ya simu ya mpokeaji. Kisha kiasi. Kisha namba ya siri. Kila mara unajibu jambo moja tu. Mkulima ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaweza kumtumia mwanawe pesa ya nauli, kwa sababu hahitaji kukumbuka mpangilio wote kichwani. Simu ndiyo inayoukumbuka.

Mfano huohuo unatufundisha pia juu ya hatari. Ukikosea tarakimu moja ya namba ya simu, hatua zote zinazofuata zitakwenda sawasawa, na pesa itamfikia mtu usiyemjua. Katika miaka ya mwanzo watu wengi waligundua kosa waliposoma ujumbe wa kuthibitisha, wakati pesa imekwisha kuondoka. Baadaye Safaricom ya Kenya iliongeza huduma iitwayo Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka, naye akaweza kusitisha. Skrini hiyo moja kabla ya mwisho imewaokolea watu wengi pesa zao. Tutairudia chini, kwa sababu ni funzo kubwa.

MFANO WA ZAHANATI

Mfano mwingine unahusu uhai wa watoto. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandaa mwongozo wa kumpima na kumtibu mtoto mgonjwa wa chini ya miaka mitano, unaojulikana kwa kifupi kama IMCI. Msingi wake ni kwamba mtoto aliyeletwa kwa homa anaweza pia kuwa na nimonia au utapiamlo, na mhudumu akitazama homa peke yake, hayo mengine yatampita.

Kwa hiyo mwongozo unamtaka mhudumu afuate mpangilio. Kwanza anatafuta dalili za hatari: je, mtoto anashindwa kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea sana au amepoteza fahamu? Kisha anauliza juu ya kikohozi au shida ya kupumua, kuharisha, homa, na matatizo ya masikio. Kisha anatazama utapiamlo, upungufu wa damu na chanjo. Mtoto akiwa na kikohozi, mhudumu anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya miezi 12 akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kawaida. Wa miezi 12 mpaka kabla ya miaka 5, kiwango hicho ni pumzi 40.

Mwongozo huu umeandikwa katika kitabu chenye chati nyingi. Mhudumu mwenye foleni ndefu nje ya mlango hana nafasi ya kufunua kurasa kwa kila mtoto. Anategemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka huruka mambo.

Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini Tanzania. Waliuweka mwongozo huo katika kompyuta ndogo ya mkononi, na mhudumu akaongozwa swali kwa swali. Jaribio lilikuwa dogo na la mwanzo tu. Hata hivyo lilionyesha dalili kwamba wahudumu walifuata mwongozo kwa ukamilifu zaidi kuliko walipotegemea mazoea, na muda uliotumika kwa kila mtoto ulikaribia kuwa uleule. Wahudumu walijifunza kukitumia chombo hicho haraka, na walitamani kuendelea nacho.

Kompyuta ile haikuwa na elimu kupita mhudumu, kwani yote iliyouliza yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika kitabu. Ilisaidia kwa sababu ilikumbuka zamu ya kila swali. Pia haikuuliza yasiyohusika. Kama mtoto hana kikohozi, maswali yote ya kikohozi yanarukwa bila mhudumu kufanya lolote.

NJIA PANDA

Faida hiyo ya kuruka maswali inastahili maelezo zaidi. Katika fomu za karatasi tumezoea maneno kama "Kama jibu ni hapana, nenda swali la 17". Wanaokusanya takwimu wanajua jinsi maneno hayo yanavyosumbua. Mmoja anaenda swali la 16, mwingine anajaza yote, mwingine anaacha ukurasa mzima wazi.

Katika fomu ya hatua kwa hatua, simu ndiyo inayosoma jibu na kuchagua njia. Programu ya ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, hufanya hivyo. Anayeiandaa fomu anaeleza mapema kwamba swali fulani liulizwe tu kama jibu la swali jingine ni ndiyo. Anaweza pia kuweka mipaka, kwa mfano kwamba umri wa mtoto usizidi miaka 17. Programu hufanya kazi hata pasipo mtandao, na majibu hutumwa baadaye. KoboToolbox, inayotumiwa na mashirika mengi ya misaada, inafuata msingi huohuo.

Lakini kumbuka kwamba njia zote hizo zimechorwa na mtu. Asipofikiria mtoto asiye na cheti, hakutakuwa na njia ya mtoto asiye na cheti. Kwenye karatasi, kijana wetu angeandika pembeni kwa kalamu, "Hana cheti, anaishi na bibi." Karatasi ina ukingo wa kuandikia maelezo kama hayo. Fomu ya hatua kwa hatua haina ukingo, isipokuwa tukiuweka kwa makusudi.

HAIFAI WAPI?

Baadhi ya ofisi zikishaipenda namna hii huitumia kwa kila kitu. Hilo ni kosa. Mfikirie mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anayeingiza akiba za wanachama 30 kila wiki. Anaijua kazi yake. Ukimpa skrini tano kwa kila mwanachama, atabonyeza "Endelea" mara 150 kwa mkutano mmoja. Atachoka, na aliyechoka hubonyeza bila kusoma. Huyu anahitaji jedwali moja lenye majina yote, ajaze akishuka mstari kwa mstari, kama alivyozoea katika daftari lake.

Namna hii haifai pia pale ambapo mtu anahitaji kulinganisha mambo. Kamati inayochagua kaya 10 kati ya 40 haiwezi kuzitazama moja moja na kusahau zilizopita. Inahitaji kuziona pamoja.

Tena, mtu aliyeongozwa hatua kwa hatua anaweza kumaliza kazi bila kuelewa alichofanya. Printa imeunganishwa, lakini ikikorofisha kesho hajui pa kuanzia. Kwa hiyo fomu ya aina hii haichukui nafasi ya mafunzo. Mhudumu wa afya anapaswa kujua kwa nini anahesabu pumzi, hata kama simu ndiyo inayomkumbusha kuhesabu.

Kwa kifupi, jiulize maswali matatu kuhusu kazi yenyewe. Je, hufanywa mara chache, au na watu wasioizoea? Je, ina mpangilio unaopaswa kufuatwa? Je, kosa lake lina gharama kubwa? Kama majibu mengi ni ndiyo, fomu ya hatua kwa hatua itasaidia. Kama majibu mengi ni hapana, ukurasa mmoja mzuri unatosha.

MAMBO NANE YA KUMWULIZA MTAALAMU

1. Je, kila skrini ina jambo moja? Jambo moja si lazima liwe swali moja. Jina la mtoto na jina la mlezi vinaweza kukaa pamoja. Lakini usichanganye majina na mapato ya kaya katika skrini moja.

2. Je, mpangilio unafuata mazungumzo ya kawaida? Kwetu mtu haanzi kwa kuuliza namba ya cheti. Anaanza kwa salamu, majina, na habari za nyumbani. Maswali mazito, kama vile nani alifariki na lini, yaje baada ya watu kuzoeana kidogo. Lakini swali linaloweza kumaliza mambo mapema liwekwe mwanzoni. Kama msaada ni wa watoto wa shule ya msingi tu, usimpotezee mlezi saa nzima ndipo umwambie kwamba mtoto wake hahusiki.

3. Je, mtu anajua alipofika? Maneno "Hatua ya 3 kati ya 7" humpa mtu moyo, na mlezi anajua kama kuna muda wa kuangalia chungu jikoni. Usimdanganye. Kama hatua zinaweza kuongezeka kutokana na majibu, mwambie mapema.

4. Je, anaweza kurudi nyuma bila kupoteza kitu? Watu hukumbuka mambo baadaye. Mama anaweza kusema katika swali la sita, "Hapana, yule wa kwanza alizaliwa mwaka mmoja kabla." Kitufe cha "Rudi" kiwepo katika kila skrini, na majibu yaliyokwisha kujazwa yabaki salama.

5. Je, kazi inahifadhiwa yenyewe? Betri huisha. Mvua hunyesha. Mtu huitwa msibani. Kila jibu lihifadhiwe mara linapojazwa, ili kesho yake mtu aendelee alipoishia. Kwa huduma zinazotumia namba kama *150*00# hili ni gumu, kwa sababu mtandao hukata mazungumzo baada ya muda mfupi. Huko hatua ziwe chache iwezekanavyo.

6. Je, kuna nafasi ya kusema "Sijui" na "Hana"? Hili ndilo lililotuponza sisi. Swali la lazima lisilo na mlango wa kutokea humfundisha mtu kubuni jibu. Tena jibu la kubuni ni baya kuliko nafasi tupu, kwa sababu nafasi tupu inaonekana, lakini jibu la kubuni linafanana na la kweli.

7. Je, ujumbe wa kosa unasaidia? Ujumbe unaosema "Kosa. Jaribu tena" haumwambii mtu kitu. Useme, "Umri umeandikwa 71. Programu hii ni ya watoto wa chini ya miaka 18. Tafadhali hakikisha." Uonekane karibu na swali lenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida.

8. Je, kuna skrini ya kuhakikisha kabla ya kumaliza? Hapa tunarudia funzo la kutuma pesa. Kabla ya kitufe cha mwisho, majibu yote yaonyeshwe pamoja ili yasomwe kwa sauti mbele ya mwenye habari zake. Kila jibu liwe na njia ya kulirekebisha. Na kitufe chenyewe kiseme kitakachotokea. "Tuma ofisini" ni bora kuliko "Sawa", kwa kuwa mtu anayesoma "Sawa" hajui anakubali nini. Baada ya kutuma, skrini iseme nini kitafuata na lini.

JARIBUNI KWA KARATASI KWANZA

Kubadilisha fomu ambayo imekwisha kutengenezwa ni gharama. Kubadilisha karatasi ni bure. Kabla ya kumwita mtaalamu, fanyeni zoezi hili. Linahitaji karatasi, kalamu, mkasi na saa mbili.

Kateni karatasi katika vipande vyenye ukubwa wa skrini ya simu. Andikeni jambo moja katika kila kipande, pamoja na vitufe vyake. Vipangeni mezani kwa utaratibu mnaoufikiria.

Mwiteni mtu atakayeitumia fomu, si mkurugenzi wala karani aliyeizoea. Mmoja wenu awe "simu". Kazi yake ni kuonyesha kipande kimoja kwa wakati, na kubadilisha kipande pale tu mtu anapogusa kitufe. Haruhusiwi kueleza wala kusaidia.

Mwingine akae pembeni na kuandika. Mtu ametulia kwa muda mrefu wapi? Ametaka kurudi wapi? Ameuliza, "Hapa niandike nini?" Kila aliposita, kosa ni la kipande, si la mtu.

Rudieni na watu wasiopungua watatu. Hakikisheni mmoja wao analeta habari za mtu ambaye mambo yake hayajanyooka: mtoto asiye na cheti, mlezi asiye na simu, kaya iliyohama. Fomu nyingi humfaa mtu wa kawaida. Ubora wa fomu unaonekana inapomfikia yule ambaye hakufikiriwa, na mara nyingi huyo ndiye anayehitaji msaada kuliko wengine.

Kisha badilisheni vipande na kujaribu tena. Mkiridhika, mpeni mtaalamu vipande hivyo. Atawashukuru, kwa sababu kazi yake itakuwa imekwisha kupunguzwa.

TULICHOBADILISHA SISI

Baada ya habari ya bibi yule tuliketi na vijana wetu wa kujitolea. Tuliwaomba watuambie ni wapi kwingine walikuwa wakijaza tu ili wapite. Mwanzoni walinyamaza. Walidhani tunatafuta wa kumlaumu. Tulipowahakikishia kwamba tunaitafuta fomu na si wao, walitaja maswali manne. Moja lilidai namba ya simu ya mlezi. Kijana mmoja alikuwa akiandika namba yake mwenyewe kwa kila mlezi asiye na simu, naye alikuwa akishangaa kwa nini ujumbe wote wa ofisi unamfikia yeye.

Tuliondoa swali la cheti katika hatua ya nne na kulipeleka karibu na mwisho. Tuliongeza chaguo la "Hana cheti bado". Anayelichagua anaonyeshwa skrini nyingine inayouliza kama mlezi angependa kusaidiwa kukipata. Hivyo jambo lililokuwa ukuta likawa mlango, na ofisi ikapata kujua ni watoto wangapi hawana vyeti, jambo ambalo namba 0000 ilikuwa imelificha.

Tuliongeza pia nafasi ya maelezo mwishoni, ule ukingo wa karatasi tuliokuwa tumeupoteza. Na tulikubaliana kwamba karani hataondoa jina lolote kwa sababu kompyuta imesema limejirudia, mpaka amempigia simu mtu aliyeliandika.

Wale watoto 11 walipata sare zao mwezi Machi. Shule zilikuwa zimefunguliwa tangu Januari. Mjukuu wa bibi yule alikuwa amekwenda darasani miezi hiyo yote na sare ya kuazima iliyomzidi ukubwa. Hatuwezi kumrudishia miezi ile. Tunachoweza ni kuwaambia ninyi wasomaji wetu, ili atakayefika kwenye ofisi zenu na mjukuu wake mkononi alikute jina lake ubaoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Ni fomu gani katika kazi yetu watu huijaza mara chache na kuikosea mara nyingi? Je, ingefaa kuwa ya hatua kwa hatua?

Ni fomu gani tunaijaza kila siku, na hatua nyingi zinatuchosha bure?

Katika fomu zetu za sasa, ni maswali gani ya lazima yasiyo na nafasi ya kusema "Sijui" au "Hana"? Tunadhani watu wanajaza nini hapo?

Mtu tunayemwandika anapata nafasi ya kusikia majibu yake yakisomwa kabla hayajatumwa? Kama hapana, tunaweza kuanza lini?

Ni nani katika eneo letu ambaye fomu zetu hazikumfikiria? Tumwalike aje kujaribu vipande vya karatasi pamoja nasi.